Mzee na Asimame Mwenyewe

Nyuma ya vilima vya Pugu, katika kata ya Msimbu wilayani Kisarawe, ambako mikorosho na miembe husimama baina ya mashamba ya mihogo, kuna nyumba nyingi ambazo vijana wake wamekwenda Dar es Salaam kutafuta riziki, wakabaki humo babu, bibi na wajukuu wadogo. Wazee hao walilima, walikwea minazi, waliteka maji mabondeni na kubeba mizigo kichwani tangu utoto hata utu uzima. Na sasa mmoja amevunjika nyonga, mwingine amepatwa na kiharusi upande mmoja wa mwili, na wa tatu hana maradhi yenye jina, ila miguu imekataa amri yake. Makala haya yahusu kazi ya mtu awaendeaye wazee wa namna hiyo, nyumbani au wodini, akawafanyisha mazoezi ya viungo kwa maelekezo ya mtaalamu wa fiziotherapia. Ni kazi isiyotajwa sana, nami naihesabu kuwa na sharafu kupita kazi nyingi zenye ujira mkubwa.

Mtaalamu mwenyewe husomea fani hii kwa miaka, katika vyuo kama kile cha KCMC mjini Moshi. Yeye ndiye apimaye viungo, atambuaye kasoro na kuamua mazoezi gani yafanywe na yapi yaachwe. Lakini wataalamu hawa ni wachache, na aghalabu hupatikana katika hospitali kubwa, kama Muhimbili, au Tumbi iliyoko Kibaha. Mzee wa Msimbu asiyeweza hata kuketi sawasawa nyuma ya bodaboda hawezi kuifuata tiba huko mara tatu kwa juma. Akipelekwa mara moja, hurudi na maelekezo mdomoni mwa mtoto aliyemsindikiza, na maelekezo hayo husahaulika kabla mvua haijageuka. Ndipo anapohitajiwa msaidizi: mhudumu wa afya wa kijiji, au muuguzi wa zahanati, au mjukuu mwenye moyo aliyefundishwa barabara.

Watu wengi hudhani kwamba udhaifu wa uzee ni kadari tupu isiyo dawa. Ukongwe kweli hupunguza nyama ya mwili, lakini kitanda huipunguza kwa kasi iliyo kubwa zaidi. Mwaka 2007 wataalamu wa Marekani walitangaza matokeo ya utafiti ambamo wazee wenye siha njema walikubali kulala kitandani kwa siku 10. Katika muda huo mfupi walipoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Basi mzee alazwaye kwa malaria, akapona homa, kisha akaachwa kitandani mwezi mzima ili apate nguvu, huinuka hana nguvu hata ya kwenda uani. Kinyume chake nacho kimethibitishwa. Mwaka 1990 ilichapishwa habari ya wakongwe 10 wa nyumba ya kutunzia wazee huko Boston, wenye umri kati ya miaka 86 na 96, waliozoezwa kuinua uzito kwa miguu. Waliotimiza majuma 8 waliona nguvu za mapaja yao zikizidi maradufu, na wawili wao wakaacha kutumia mkongojo. Ikiwa mtu wa miaka 90 aweza kuongeza nguvu, ni nani atakayemwambia bibi wa miaka 72 kwamba wakati wake umepita?

Hapo ndipo desturi yetu njema inapoleta madhara bila ya mtu kukusudia. Sisi watu wa pwani tumelelewa kumwinukia mkubwa, kumpisha kiti, kumpokea mzigo na kumletea maji ya kunawa hapo alipo, na akiugua, taadhima hiyo huzidi, akawa huogeshwa, hulishwa, huvishwa na kubebwa, na kila akijaribu kuinuka nyumba nzima humwambia, "Pumzika, bibi, sisi tupo." Aila hiyo yampenda bibi yao pasi na shaka. Lakini kiungo kisichotumika hunyauka, maungo hukakamaa, ngozi ya makalio na visigino huchubuka ikawa vidonda, na mapenzi yale humpokonya mwezi baada ya mwezi uwezo ambao angalibaki nao. Msaidizi aingiapo nyumba kama hiyo, kazi yake ya kwanza ni kuwashawishi jamaa, kwa adabu na subira, kwamba heshima iliyo kubwa kwa mzee ni kumpa nafasi ya kujifanyia.

Hebu tumtazame kazini. Hubisha hodi, akisha karibishwa huamkia. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja tena na mambo yako?" Huuliza usiku ulikwendaje, kama kuna kizunguzungu au maumivu mapya, kama dawa za presha zimemezwa. Kisha kiti huegemezwa ukutani kisije kikateleza. Bibi husogea mpaka ukingoni, huvuta nyayo nyuma zikawa chini ya magoti, huziachanisha kidogo, huweka viganja juu ya mikono ya kiti, huinama mbele mpaka pua ivuke magoti, na hapo ndipo hujisukuma juu. Wazee wengi hushindwa kusimama kwa sababu huegemea nyuma, wakiogopa kuanguka kifudifudi. Kwa hiyo msaidizi husimama karibu, upande ulio dhaifu, mkono mmoja nyuma ya mgongo wa bibi pasipo kuugusa, akasubiri. Katika kusubiri huko ndiko uliko ustadi wote. Mapaja ya bibi hutetemeka, na mkono wa kijana hutamani kumdaka kwapani. Lakini maadamu hajapoteza mizani, aachwe. Akisha simama huhesabu kwa sauti moja mpaka tano, ili asizuie pumzi, kisha huketi polepole, maana kuketi polepole huyatia mapaja nguvu nyingi, na ajiangushaye kitini kama gunia hukosa nusu ya faida. Leo mara nne, juma lijalo mara sita.

Zoezi hili moja lina manufaa kuliko mengi ya anasa, kwa kuwa limo katika maisha yenyewe. Mzee hahimizwi na habari za misuli. Huhimizwa na jambo alitakalo. Mmoja atasema ataka kwenda chooni bila ya kushikwa na mkwewe, kwa kuwa haya humuua. Mwingine dini imempa ruhusa ya kusali ameketi, lakini moyo wake wataka rukuu na sijida kama zamani. Mwingine ataka kuketi juu ya mbuzi akune nazi. Msaidizi mwerevu huanzia hapo, akakigawa kitendo hicho vipande vipande, wakazoea kipande kimoja baada ya kingine.

Yako mambo ya hadhari ambayo ujinga wake huleta majuto. Mwenye kiharusi asivutwe kwa mkono uliopooza wala asinyanyuliwe kwa makwapa, kwani bega lisilo na nguvu huteguka upesi. Mkongojo hushikwa kwa mkono wa upande ulio mzima, na urefu wake ulingane na kifundo cha mkono mzee asimamapo wima. Ncha yake ikivishwa kipande cha mpira wa tairi haitelezi. Atokaye kitandani aketi ukingoni kwanza, damu ipate kutulia. Maumivu ya kifua, pumzi kukatika, mguu mmoja kuvimba ghafula, au ulimi kuwa mzito ni amri ya kuacha zoezi mara moja na kutafuta tabibu. Na kwa kuwa nyama ya mwili haijengwi kwa uji mtupu, msaidizi atazame sahani: kunde, dagaa waliopondwa kwa ajili ya asiye na meno, yai likipatikana. Atazame pia njia ya chooni, kama ina mwanga usiku, na kanga ya bibi kama haiburuti chini.

Tanzania ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu mwaka 2003, inayomhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea, na Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii nchini kote. Wahudumu hao tayari wamo njiani kwenda katika nyumba zenye watoto wachanga na wajawazito. Wafundishwe na haya machache: kumsimamisha mzee, kumgeuza kitandani kila baada ya saa mbili asiyeweza kujigeuza, kukunjua viungo vya aliyepooza, kuchagua mkongojo na kutambua hatari. Mtaalamu wa hospitali ya wilaya apewe usafiri na siku maalumu za kuwazungukia vijijini, awasahihishe mikono na kuwabadilishia mazoezi. Na posho ya wahudumu hao ilipwe kwa wakati, maana mzee aliyezoezwa majuma matatu, kisha msaidizi wake akaacha kuja kwa kukosa nauli, hurejea kitandani.