Klia Haioti Kama Ngozi

Gari jeusi kivulini hudanganya. Lile la mzee lilipoingia uani kwangu Mikocheni saa kumi na mbili jioni, hata mimi ambaye kazi hii ndiyo inayonilisha nilitamani kulisifia. Ilikuwa Mercedes-Benz S-Class ya 2014, imeletwa kutoka Japani, nyeusi yenye chembechembe zinazometa ukilisogelea. Nikamwambia, "Mzee wangu, liache lilale hapa. Kesho saa nne tulitoe juani, ndipo tuzungumze."

Kesho yake saa nne hakukuwa na la kuficha. Kila jua lilipopiga pakazuka duara la nyuzinyuzi kama utando wa buibui, na tukisogea hatua moja utando nao unasogea. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Fundi, hili gari limetoka bandarini mwaka jana likiwa kioo. Nani kalifanya hivi?"

Nikamuuliza nani analiosha. Akasema kila Jumamosi hulipeleka sehemu ya kuoshea magari. "Na siku za katikati?"

"Ah, siku za katikati kijana wa getini ananisaidia. Kila alfajiri kabla sijatoka analipangusa vumbi. Kijana mwaminifu sana yule."

Jibu lilikuwa hapo hapo, ila sikutaka kulitoa haraka, maana nilijua litamuuma.

Vumbi la Dar es Salaam lina mchanga ndani yake, na mchanga hukwaruza hata kioo cha dirisha. Ukichukua kitambaa kikavu ukapangusa gari lenye vumbi, umechukua msasa laini ukalipiga msasa. Mkwaruzo mmoja hauonekani. Mikwaruzo ya alfajiri 300 inaonekana. Wala haijajipanga kwa duara kama macho yanavyokuambia. Imelala ovyo kila upande, ila mwanga huichagua ile tu iliyoukingama, nayo ikizunguka jua pande zote unaona utando. Ndiyo maana jioni hauonekani na saa nne unaonekana.

Watu wengi hudhani rangi ya gari ni kitu kimoja, kama rangi ya ukuta. Chini kabisa kuna bati, juu yake koti la kuzuia kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe, na juu ya yote koti lisilo na rangi ambalo mafundi wa bodi tunaliita klia. Ule mng'ao unaoupenda ni wa klia. Rangi iliyo chini yake imefifia tu, ukiiona peke yake hutaitamani.

Sasa chukua karatasi moja ya kuchapishia ya ofisini, ishike kwa vidole viwili. Unene wake ni kama maikroni 100, na maikroni moja ni milimita moja iliyogawanywa mara elfu. Makoti yote ya kiwandani, kuanzia bati mpaka juu, kwa kawaida hayaizidi sana karatasi hiyo. Klia peke yake ni kama maikroni 40, nyembamba kuliko unywele wa kichwani mwako. Ndani ya hizo 40 mna kemikali za kuzuia miale ya jua isiunguze rangi. Umeshaona magari ya zamani yaliyobambuka paa, yana mabaka meupe kama mba? Klia imekwisha pale, jua likabaki na rangi uso kwa uso.

Kwa hiyo, kuondoa mkwaruzo maana yake ni kuipunguza klia inayouzunguka mpaka ifikie kina cha mkwaruzo wenyewe. Hakuna kinachojazwa. Mtu akikuambia atakuzibia mikwaruzo kwa polishi ya nusu saa, atakupaka mafuta na nta vitakavyojificha humo, ulipe, uondoke unang'aa, na baada ya kuosha mara tatu utando umerudi. Ngozi ikichubuka huota nyingine. Klia haioti.

Hilo nililijua kwa gharama. Kazi hii niliisomea Sharjah, miaka minne katika karakana ya mtaa wa viwanda, chini ya fundi mmoja mzee kutoka Kerala. Mwaka wangu wa pili niliunguza boneti ya mteja. Nilikuwa na mashine ya mzunguko mmoja, ile inayozungusha pedi palepale kama feni, nikafika kwenye ukingo wa boneti ambako klia huwa nyembamba kuliko katikati, nikakaa pale sekunde mbili tatu kupita kiasi. Pedi ilikuwa nyeupe. Nilipoinyanyua ilikuwa buluu, rangi ya gari. Yule mzee hakunigombeza. Aliichukua ile pedi akaitundika ukutani mbele ya meza yangu, ikakaa pale mpaka siku niliyoondoka. Tangu hapo sigusi gari kabla sijafunika kingo zote kwa tepu ya karatasi, na sigusi kabla sijapima.

Kipimo chenyewe ni kidogo kama rimoti. Unakigusisha kwenye bodi, kinakupa maikroni. Hapa kwetu wanunuzi wengi hutumia sumaku, wanapapasa milango kutafuta puti ya kuzibia mabonde, na jirani wa mzee alishampimia kwa sumaku akamtia hofu: haishiki, gari limejaa puti! Si kweli. S-Class ya kizazi kile ngozi yake ya nje ni alumini, na sumaku haishiki alumini hata ikiwa mpya kabisa. Kipimo changu husoma bati na alumini vilevile. Boneti ikasoma 118, 121, 116. Paa 112. Milango mitatu ikawa humohumo, ila wa nyuma wa kulia ukasoma 243. Huo uliwahi kupigwa rangi upya, tena kwa mkono wa fundi hodari, maana puti ingesoma 500 na kwenda mbele. Mzee hakuwa na habari.

Kitu kimoja kilimsumbua. Muuzaji alimwambia kwamba Mercedes hutumia klia ngumu, na alisema kweli: tangu mwishoni mwa 2003 wamekuwa wakichanganya ndani ya klia chembe ndogo mno za seramiki ili isikwaruzike upesi. "Sasa huo ugumu uko wapi?" akauliza. Nikamwambia ugumu upo, na bila huo hali ingekuwa mbaya zaidi. Lakini klia ngumu ina deni lake: mkwaruzo unachelewa kuingia, na ukishaingia unachelewa kutoka.

Siku ya kwanza sikuwasha mashine kabisa. Nililiosha, nikapulizia dawa ya kutoa chuma sehemu za chini za milango na nyuma ya magurudumu, nikasubiri. Dawa hiyo haina rangi, lakini ikikutana na chembe za chuma zilizotoka kwenye breki na kujichimbia katika klia, hugeuka zambarau na kutiririka. Mzee aliyekuwa amekaa kwenye kiti akainuka kuja kutazama. Baadaye nikapitisha udongo wa kusafishia, donge laini kama unga wa chapati, juu ya maji ya sabuni. Ukivaa glavu nyembamba ukapapasa kabla na baada, utausikia mwenyewe ule ukakasi ukiondoka. Kuna mafundi wanaoruka hatua hii. Wanaozesha uchafu na pedi, wanachora mikwaruzo mipya huku wakiondoa ya zamani.

Siku ya pili nikafunga kwa tepu mraba wa sentimita 40 katikati ya boneti. Kanuni ni kuanza na dawa dhaifu kuliko zote. Nilitumia mashine ya mizunguko miwili, inayozunguka huku ikitikisika ili isikae sehemu moja, na pedi ya sponji laini na polishi. Mng'ao ukaongezeka, utando ukabaki. Nikabadilisha pedi ikawa ya nyuzi fupi, nikaweka kompaundi, dawa kali kuliko polishi, matone manne tu, nikapita polepole kwa mistari inayopishana, mara nne. Nikafuta kwa spiriti iliyozimuliwa ili mafuta ya dawa yasinifiche kitu, nikawasha tochi. Mraba ulikuwa mweusi tii, kama mdomo wa kisima usiku. Nje ya tepu, utando uleule. Nikamwita mzee. Alikaa pale muda mrefu, kichwa kikienda kushoto na kulia kwenye mstari wa tepu, bila kusema neno.

Boneti ilipokwisha nikapima tena: 118 ilikuwa 115. Maikroni tatu.

"Kazi hii inaweza kufanyika mara ngapi?" akauliza.

"Mara chache mno, mzee. Ningependa kwa gari hili isifanyike tena."

Ule mlango uliopigwa rangi upya ulinifundisha kwa nini namba ni muhimu. Klia yake ilikuwa laini, utando ukatoka kwa sponji na polishi peke yake. Ningeingia na kompaundi ya boneti ningeondoa maradufu bila sababu. Na juu ya paa palikuwa na alama ya kinyesi cha kunguru, kubwa kama shilingi mia. Kunguru wa mji huu na mikungu tunayoegesha magari chini yake wana mapatano yao. Kinyesi kina asidi, na jua la mchana huifanya klia ilainike. Asidi huingia, jioni klia hupoa na kukaza, alama inabaki kama muhuri. Ile ilikuwa imezama. Niliilainisha kingo zake nikaiacha. Kuifuata mpaka chini kungemaliza klia ya pale, na mimi nachagua doa linaloonekana kwa tochi kuliko paa litakalobambuka.

Siku ya tatu ndiyo ya kinga, na hapa maneno ya wauzaji ni mengi. Nta ya karnauba, inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya mnazi wa kaskazini mashariki mwa Brazili, hupendeza sana gari jeusi, lakini katika joto letu hudumu wiki kadhaa tu. Koti la seramiki ni kimiminika chenye asili ya silika. Unakipaka tone kwa tone, unasubiri kitoe rangi za upinde wa mvua, unafuta kabla hakijakauka, kisha gari halioni maji kwa siku nzima. Likishika, hudumu miaka, maji huteleza na uchafu hautambai kwa urahisi. Ila wanalinadi kwa alama ya 9H na kusema halikwaruziki. Hiyo 9H ni ugumu wa penseli. Ina maana penseli ngumu ya kipimo hicho haikulikwaruza. Mchanga si penseli. Koti lenyewe ni la maikroni moja au mbili, halizuii jiwe hata kidogo.

Kinachozuia jiwe ni filamu ya poliyurethani, plastiki angavu yenye unene wa kama maikroni 200. Asili yake ni vita vya Vietnam, ambako ilibandikwa kwenye panga za helikopta za Wamarekani zisiliwe na mchanga. Zile nzuri, ukizikwaruza kidogo, joto la jua hulifuta kovu. Mzee huenda Moshi kila mwezi nyuma ya malori, kwa hiyo nilimshauri filamu kwenye bampa, boneti na vioo vya pembeni, na seramiki kwingine kote. Filamu gari zima ningemwuzia kwa furaha, lakini hakuihitaji.

Siku ya nne alikuja kulichukua akiwa na yule kijana wa getini. Kijana akanipa shikamoo, akalizunguka gari mara mbili, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kaka, kumbe ni mimi niliyelikwaruza?" Mzee alishamwambia njiani. Nikamjibu kwamba hakuna aliyemfundisha, na kwamba alikuwa akiamka alfajiri kwa ajili ya kitu cha mtu mwingine, jambo ambalo wengi hawalifanyi.

Nikampa ndoo mbili. Ya kwanza ina sabuni ya magari, si ya unga ya kufulia, maana ile ni kali na hula nta na kinga. Ya pili ina maji matupu. Kwanza unamwagia gari maji mengi kuanzia juu ili mchanga udondoke wenyewe. Kisha glavu ya kuoshea inaingia kwenye sabuni, inapita paneli moja, inasuuzwa kwenye maji matupu kabla ya kurudi kwenye sabuni. Magurudumu yana kitambaa chake na yanakuja mwisho. Kitambaa kikianguka chini, siku hiyo kazi yake imekwisha. Kwao wana kisima, na maji ya visima vingi vya Dar yana chumvi. Yakikaukia kwenye bati la moto huacha vipete vyeupe, kwa hiyo anaosha kivulini na kukausha mara moja kwa taulo laini la nyuzi ndogo. Nikamwambia pia akinge maji ya mvua kutoka paani ya kusuuzia mwisho, hayana chumvi. Na kunguru akinya, amwagie maji palepale, asingoje Jumamosi.

Nilipita kwao mwezi uliopita. Ndoo mbili zilikuwa kando ya geti, moja imeandikwa SABUNI kwa rangi nyeupe, nyingine MAJI TU, na gari lilikuwa juani saa nne bila utando. Wewe mwenye gari, liwe la thamani hiyo au lile la kwanza ulilonunua kwa jasho lako, kesho alfajiri kile kitambaa kikavu kiache ndani. Anza na maji.