Kuunda Mfano wa Motokaa ya Mashindano

Leo tutasoma juu ya kazi ya mikono ambayo pia ni kazi ya hesabu. Wekeni karibu penseli, rula na karatasi.

Mfano ni kitu kidogo kilichoundwa kwa sura ya kitu kikubwa. Mtoto huchonga gari la mti, akalisukuma uwanjani, akafurahi. Hiyo yamtosha. Lakini yuko fundi anayetaka mfano wake useme kweli. Fundi huyo hakisii. Anapima.

Motokaa yetu ya leo ni Hudson Hornet ya Marekani, ya mwaka 1952.

1. Ijueni motokaa yenyewe

Mwaka 1948 Bill France na wenzake waliunda chama cha mashindano ya motokaa huko Daytona Beach, Florida. Chama hicho huitwa NASCAR. Mwaka 1949 kilianzisha mashindano ya motokaa za kawaida, yaani zile zilizouzwa dukani kwa watu wote. Sheria kubwa ilikuwa hii: motokaa ishindane kama ilivyouzwa.

Shindano la kwanza lilifanyika Charlotte, North Carolina, tarehe 19 Juni 1949. Glenn Dunaway alifika wa kwanza katika motokaa ya Ford. Wakaguzi walipotazama chini yake, waliona springi za nyuma zimebadilishwa. Dunaway akanyang'anywa ushindi, akapewa Jim Roper aliyemfuata. Njia ya mwongo ni fupi.

Hudson Hornet ilitokea mwaka 1951. Sakafu yake iliwekwa chini, katikati ya vyuma vya fremu, hata abiria aliteremka kidogo alipoingia. Kwa kuwa uzito wake ulikuwa chini, haikuyumba sana kwenye kona. Mwaka 1952 motokaa za Hudson zilishinda mashindano 27 kati ya 34, na dereva wake Tim Flock akawa bingwa.

2. Hesabu

Mfano wetu utakuwa wa skeli ya 1 kwa 25. Maana yake, kila kipimo cha motokaa tunakigawanya kwa 25. Kila kipimo, bila kuacha hata kimoja.

Toka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, Hornet ina sentimita 315. Andikeni: 315 ÷ 25 = 12.6. Basi katika mfano ni sentimita 12 na milimita 6. Ringi ya gurudumu ina upana wa sentimita 38. Katika mfano ni sentimita 1 na nusu hivi.

Sasa geuzeni hesabu. Mkikosea milimita 1 tu katika kimo cha paa, ni kama mmeinua paa la motokaa yenyewe milimita 25. Hornet ilisifiwa kwa kuwa chini. Kwa kosa la milimita chache, sifa hiyo imekwisha.

3. Tafuteni ushahidi

Chagueni motokaa moja, ya dereva mmoja, katika shindano moja. Kisha tafuteni picha za siku hiyo. Tazameni namba: mara nyingi zilipakwa kwa mkono. Tazameni milango: ilifungwa kwa mikanda isifunguke njiani. Msibandike matangazo gari zima, maana hayo ni mambo ya miaka ya baadaye.

Mkiunda injini, ulizeni mwaka. Hornet ilipotoka mwaka 1951 ilikuwa na kabureta moja. Katika zile za 1952 mnunuzi aliweza kupata kabureta mbili.

Jihadharini na picha zisizo na rangi. Nyekundu na buluu zaweza kuonekana sawa, zote kijivu. Msichague rangi mpaka mpate ushahidi mwingine.

4. Kazi yenyewe

Mafundi wengi hutumia vipande vya plastiki vinavyouzwa katika boksi. Vioshwe kwanza kwa maji na sabuni, maana mafuta ya kiwandani huizuia rangi isishike. Vikateni kwa kisu kikali, msugue kingo kwa msasa laini. Kabla ya kutia gundi, viunganisheni kwa utepe mpime tena. Gundi ikishakauka, hakuna kurudi nyuma.

Rangi ipakwe nyembamba, mara nyingi, na kila mara ngojeni ikauke. Rangi ya unene wa nusu milimita ni kama kuipaka motokaa yenyewe tope la zaidi ya sentimita 1. Mistari ya milango itazibwa.

Kwa nini kujisumbua hivi? Jina la Hudson lilikoma mwaka 1957. Hakuna kiwanda kitakachotengeneza Hornet nyingine. Atakayeona mfano wenu huenda asione kamwe motokaa yenyewe, ataamini mlichomwonyesha. Basi kila fundi awe mkaguzi wa kazi yake, atazame hata chini ya gari.

Maswali

1. Kwa nini Dunaway alinyang'anywa ushindi?
2. Motokaa ina urefu wa sentimita 500. Mfano wake wa skeli ya 1 kwa 25 una urefu gani?
3. Pimeni meza ya darasa lenu. Ichoreni kwa skeli ya 1 kwa 25.