Kasoro Zilizotunzwa kwa Makusudi

Tangazo la kusitishwa kwa Flash lilikuwa limetolewa Julai 2017, miaka mitatu na ushei kabla. Hata hivyo, ilipofika Januari 12, 2021, Mamlaka ya Mapato ya Afrika Kusini, SARS, ilijikuta na fomu za kodi zisizofunguka. Hakukuwa na kirusi wala seva iliyoungua. Ndani ya matoleo ya mwisho ya Flash Player, kampuni ya Adobe ilikuwa imepachika msimbo unaotazama kalenda ya kompyuta. Siku hiyo ikifika, pleya inagoma kuendesha chochote. SARS ilikuwa imekwisha kuzihamisha fomu nyingi kwenye teknolojia mpya, ila si zote. Kabla mwezi haujaisha ikatoa kivinjari chake yenyewe, cha kompyuta za Windows, kwa ajili ya kufungulia zile fomu za Flash zilizosalia.

Mafundi wa kompyuta duniani walicheka sana: serikali gani hii inayotengeneza kivinjari ili kufufua kitu kilichozikwa? Kicheko hicho nakiona cha haraka. Ofisi ile haikuwa peke yake katika kuamini kwamba programu iliyoandikwa kwa Flash ingeendelea kufunguka. Kwa zaidi ya miaka 20 imani hiyo ilikuwa sahihi, na namna ilivyokuwa sahihi ni moja ya kazi ngumu zaidi zilizowahi kufanywa kwenye programu za intaneti.

Flash ilianzia San Diego, Marekani, kwa kampuni ndogo iitwayo FutureWave, ambako Jonathan Gay na wenzake walitengeneza programu ya kuchorea kwa kalamu kwenye kompyuta. Soko la kompyuta za kalamu likafa, wao wakageukia picha zinazotembea, na mwaka 1996 wakatoa FutureSplash Animator. Mwishoni mwa mwaka huohuo Macromedia ikainunua kampuni, na jina likafupishwa kuwa Flash. Siri yake ilikuwa wepesi. Badala ya kutuma picha nzima, faili lilibeba maelezo ya mistari na rangi, na pleya iliyokuwa ndani ya kivinjari ndiyo iliyochora. Kwa aliyekuwa akitumia laini ya simu ya waya na kulipa intaneti kwa dakika, tofauti hiyo aliiona mfukoni.

Hapa pana jambo la kushika kabla hatujaendelea. Faili la Flash lilikuwa kama kanda ya kaseti: peke yake halisemi kitu, linahitaji redio ya kulicheza. Kila aliyeandika programu ya Flash aliandika nusu tu. Nusu ya pili ilikaa kwenye kompyuta ya mtumiaji, na mwenye nayo alikuwa kampuni moja.

Mwaka 2002 Jeremy Allaire wa Macromedia aliandika waraka uliolipa jambo hili jina kubwa zaidi: programu tajiri za intaneti. Kurasa za wakati ule zilikuwa zinachosha. Ukibonyeza kitufe, ukurasa mzima unafutika, unasubiri, unarudi ukiwa na mstari mmoja tu uliobadilika. Allaire alitaka programu inayofanya kazi ndani ya kivinjari kama inavyofanya programu iliyosakinishwa: jedwali linalojipanga upya papo hapo, ramani inayovutwa kwa kipanya, fomu inayokwambia umekosea kabla hujaituma. Miaka miwili baadaye ikaja Flex, zana ya kuwawezesha watu wa ofisini, wasiojua kuchora katuni, kuandika programu za namna hiyo.

Flex ndiyo iliyowavuta waandishi wa programu hasa. Katuni za Flash zilijengwa juu ya mstari wa muda wenye fremu, jambo lililomsumbua mtu aliyezoea Java. Kwenye Flex aliandika tagi za lugha ya MXML: hapa jedwali, hapa kitufe cha kuhifadhi, kikibonyezwa kiite kazi fulani. Kompaila iliigeuza MXML kuwa ActionScript, lugha ya Flash, kisha ikatoa faili moja la SWF, yaani faili la Flash. Adobe, iliyoinunua Macromedia mwaka 2005, ilijenga Flex Builder juu ya Eclipse, warsha ambayo maelfu ya watu wa Java walikuwa nayo tayari. Humo ungeweza kusimamisha programu katikati ya mstari na kuchungulia kila kigeu kina thamani gani. Toleo la tatu, la mwaka 2008, likaongeza kipimo cha kumbukumbu, nacho kikafichua ugonjwa uliozoeleka mno: dirisha limefungwa, mtumiaji halioni, lakini bado limesajiliwa kusikiliza matukio, kwa hiyo kumbukumbu yake hairudishwi. Programu inayoachwa wazi tangu asubuhi inazidi kunenepa, ikifika alasiri inakwama.

Kulikuwa na kero nyingine. Programu ya Flex yenye kitufe kimoja tu ilibeba maktaba nzima ya Flex ndani yake, mamia ya kilobaiti. Dawa iliyopatikana ilikuwa ya werevu: pleya ikaanza kuihifadhi maktaba hiyo yenyewe, ikiwa na sahihi ya kidijitali ya Adobe, ili tovuti yoyote iitumie bila kuipakua upya. Nayo ilifanya kazi vizuri, maadamu Adobe ipo.

Watu wa kazi hii walipenda kukutana. Machi 2007 waandishi wa Flex walifanya mkutano wao wa kwanza wa 360Flex kwenye ofisi za eBay huko San Jose. Ulikuwa mkutano wa wenyewe kwa wenyewe, si maonyesho ya muuzaji. Kiangazi cha mwaka huohuo Adobe ilipakia waandishi wake ndani ya basi na kuzunguka miji ya Marekani, kuanzia Seattle, ikionyesha AIR, zana ya kuitoa programu ya Flash nje ya kivinjari na kuisimamisha kwenye kompyuta kama programu kamili. Sijui teknolojia nyingine iliyotembezwa kama bendi ya muziki.

Lakini kisa kinachonivutia zaidi cha mwaka ule ni cha wapinzani. Microsoft ilikuwa imetangaza Silverlight, jibu lake kwa Flash, ambayo haikufanya kazi kwenye Linux. Miguel de Icaza, aliyeongoza Mono, mradi wa kuileta teknolojia ya .NET ya Microsoft kwenye Linux, kwenye kampuni ya Novell, alialikwa kuonyesha kazi yake kwa dakika chache kwenye mkutano wa Microsoft jijini Paris, mwezi Juni. Yeye na timu yake wakaamua kwenda na Silverlight inayotembea kwenye Linux, kitu ambacho hakikuwapo. Wakakiandika kwa siku 21. Wakakiita Moonlight. Bila tarehe ile ya kupanda jukwaani pengine wangechukua mwaka. Upande wa pili wa hadithi ni kwamba siku 21 zilitosha kuonyesha, hazikutosha kutunza. Kila Silverlight ilipotoka upya, Moonlight ilikuwa nyuma hatua moja, na mwaka 2012 de Icaza akasema hadharani kwamba wameuacha mradi huo. Silverlight yenyewe ikakoma kuhudumiwa Oktoba 2021.

Kwa nini kuifuata pleya ya mtu mwingine ni kazi ngumu hivyo? Chukua faili lolote la SWF, ulifungue kwa programu inayoonyesha baiti moja moja. Baiti tatu za mwanzo ni herufi F, W, S, au C, W, S (baadaye pia Z, W, S) kama faili limebanwa. Baiti ya nne ni namba ya toleo: 5, 6, 7 na kuendelea. Flash Player iliisoma namba hiyo kwanza, kisha ikabadili tabia yake.

Tuseme mtu aliandika mchezo mwaka 2002 na akasahau kukipa kigeu cha alama thamani ya kuanzia. Mchezaji akipiga shabaha, msimbo unaongeza 10 kwenye alama. Kwenye faili lenye namba 6, kitu kisichopewa thamani kilihesabiwa kuwa sifuri, kwa hiyo jibu ni 10 na mchezo unaendelea. Kuanzia namba 7, Macromedia ilirekebisha lugha ifuate kanuni za kimataifa: kitu kisicho na thamani ukikijumlisha na 10, jibu lake si namba. Mchezo uleule ukitolewa upya kwa namba 7, ubao wa alama unaharibika. Vilevile, kwenye namba 6 kigeu kinachoitwa Alama na kinachoitwa alama vilikuwa kitu kimoja. Kwenye namba 7 ni vitu viwili.

Macromedia, na Adobe baada yake, hawakuwalazimisha watu warekebishe kazi zao za zamani. Ndani ya pleya mpya waliacha tabia zote za kale, zile za makosa zikiwemo, zikisubiri baiti ya nne iziite. Mwaka 2006 walivuka mpaka zaidi: ActionScript 3 ilikuwa lugha tofauti kiasi kwamba Flash Player 9 ilibeba injini mbili zilizokamilika, moja ya mafaili ya zamani na moja ya mapya. Faili la zamani lilipopakiwa ndani ya programu mpya, hizo mbili hazikuweza kuitana moja kwa moja. Zilipelekeana ujumbe kupitia njia ya pembeni. Ni muundo wa ajabu, na hakuna mwanafunzi ambaye angeusanifu hivyo akapata alama za juu. Katuni ya mwaka 1997 iliendelea kucheza mwaka 2019 kwa sababu yake.

Kilichoivunja Flash hakikuwa kasoro za namna hiyo. Juni 2007 iPhone ilitoka bila Flash, na Aprili 2010 Steve Jobs akaandika barua ya wazi kueleza sababu: betri, usalama, vidole badala ya kipanya, na kwamba hakutaka kampuni nyingine ikae kati ya Apple na waandishi wa programu. Hoja ya mwisho ndiyo iliyokuwa na uzito wa kweli, ingawa ilitoka kwa mtu aliyetaka kukaa hapohapo mwenyewe. Mwanzoni mwa Oktoba 2011, kwenye mkutano wake mkubwa wa MAX jijini Los Angeles, Adobe ilisherehekea Flash Player 11 na michezo ya pande tatu. Novemba 9, mwezi mmoja tu baadaye, ikatangaza kwamba Flash ya vivinjari vya simu haitaendelezwa tena, na baada ya siku chache ikasema Flex itakabidhiwa kwa taasisi ya Apache. Waliokuwa wameshawaahidi wateja wao miradi ya miaka mitano walibaki wameduwaa.

Hata lugha yao iliachwa njiani. ActionScript 3 ilijengwa juu ya rasimu ya toleo la nne la kiwango cha JavaScript, na mwaka 2008 kamati ya kiwango hicho ikaitupa rasimu. Miaka minne baadaye Microsoft ikaleta TypeScript, na yeyote aliyewahi kuandika ActionScript 3 akiitazama anaona sura anayoifahamu.

Sasa kazi ya kuyasoma mafaili ya kale imeangukia mikononi mwa watu wa chanzo huria. Mozilla ilijaribu mradi wake, Shumway, ikauacha mwaka 2016. Uliosimama ni Ruffle, pleya mpya iliyoandikwa kwa lugha ya Rust, ambayo hugeuzwa kuwa WebAssembly na kutembea ndani ya kivinjari cha kawaida bila kusakinisha kitu. Novemba 2020 Internet Archive iliitumia kufungua hazina yake ya katuni na michezo ya Flash, na tovuti ya Newgrounds inaitumia pia.

Namna wanavyofanya kazi inastahili kutazamwa kwa karibu. Hati rasmi ya SWF ipo, na tangu Mei 2008 Adobe iliondoa masharti yaliyowazuia watu kuitumia kutengeneza pleya. Lakini hati inaeleza faili sahihi lilivyo; haielezi pleya ilifanya nini ilipokutana na faili baya, nayo intaneti ilijaa mafaili mabaya. Basi mtu wa Ruffle anaandika faili dogo la SWF lenye swali moja, tuseme: kitu kisicho na thamani, kikijumlishwa na 10, kwenye namba 6, kinatoa nini? Analiendesha kwenye Flash Player halisi ya zamani, ananakili mistari inayotoka, na mistari hiyo inakuwa jibu sahihi, hata ikiwa ni upuuzi. Ruffle ikitoa jibu lenye mantiki zaidi, jaribio linahesabiwa limefeli.

Michezo na katuni vimenufaika zaidi na kazi hii, kwa sababu vilikuwa hadharani na mtu yeyote aliweza kuvipakua. Mradi wa Flashpoint umekusanya mafaili kwa wingi mno. Programu za Flex zilizotumika kazini ziko kwenye hali nyingine. Nyingi zilikaa nyuma ya nywila, kwenye mabenki, viwandani na serikalini, na hakuna aliyezinakili. Hata faili likipatikana, skrini ikifunguka huanza kwa kuiita seva iletewe data kwa umbizo la AMF, na seva hiyo ilishazimwa. Apache Royale, mrithi wa Flex, hugeuza MXML na ActionScript kuwa JavaScript, ila programu ya zamani haiingii humo kama ilivyo. Sehemu nyingi zinahitaji kuandikwa upya, na mara nyingi aliyeziandika alishahama kazi.