Mtoto Akiuliza: "Ukoloni Ni Nini?"

Leo tunaongea juu ya swali la watoto hapa Kapolowe: ukoloni ni nini? Mara nyingi linafuatana na lingine zito zaidi: kwa nini fulani anaitwa mgeni?

Kwa mtoto mdogo, anzeni na kitu anachokiona. Mwonyesheni ziwa la Tshangalele. Mwambieni: zamani hapa hapakuwa na ziwa, palikuwa na mto Lufira na tambarare zake. Wabelgiji wakaja, wakatawala nchi bila kuomba ruhusa ya wenyeji. Wakaufunga mto pale Mwadingusha, na mwaka 1930 mashine zikaanza kutoa umeme. Umeme ule haukuwa wa kuwasha taa za vijiji. Ulikwenda kwenye viwanda vya shaba vya kampuni ya Union Minière. Basi ukoloni ni hivi: mtu anaingia nyumbani mwako, anakuamuru, na faida anaipeleka kwake.

Akielewa hapo, mwongezeeni. Kampuni ilihitaji wafanyakazi wengi, ikawatafuta mbali, hata Kasai. Walifika, wakapewa nyumba kambini. Serikali ya wakoloni nayo iliandika kila mtu na kabila lake. Hivyo hata watoto waliozaliwa Likasi, iliyoitwa Jadotville wakati ule, waliendelea kuhesabiwa kuwa watu wa kwingine.

Yaliyofuata msiyafiche. Uhuru ulipatikana tarehe 30 Juni 1960. Lakini mwaka 1992 na 1993 watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi. Wengi walikaa siku nyingi kwenye kituo cha reli wakingoja gari la moshi, na wengine walifia pale. Wakati ule Mbelgiji hakuwa anatawala tena. Maneno ya chuki yalitoka kwa viongozi wetu, na waliofukuza walikuwa majirani. Mkoloni alitugawa, kweli. Lakini kuendelea kugawanyika tulichagua wenyewe.

Kwa hiyo msimfundishe mtoto kuchukia Mzungu, wala kabila lolote. Mfundisheni kuuliza: nani anaamuru, nani anafanya kazi, nani anakula? Na mwenzake akiitwa mgeni, awe na jibu: "Babu yake alikuja kuchimba shaba, na yeye amezaliwa hapa."

Nanyi machifu, jibu hilo lisikike kwanza katika mikutano yenu. Watoto wanasema yale wanayosikia kwa wakubwa.