Saa moja ya mapumziko ni wajibu wa mwajiri

Siku ya kazi katika hoteli za watalii Mikumi huanza kabla ya jua. Mgeni anayetaka kuwahi simba kwenye uwanda wa Mkata anataka chai mapema, na usiku mgeni huyohuyo anakaa mezani hadi saa nne. Mara nyingi mhudumu aliyebandika birika alfajiri ndiye anayekusanya glasi. Katikati anaambiwa apumzike, ila asiende mbali.

Agizo hilo lina gharama kisheria. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri ampe mapumziko yasiyopungua dakika 60 mtu anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano. Saa hiyo si lazima ilipwe. Lakini mfanyakazi akitakiwa kufanya kazi, au kukaa tayari kuitwa, lazima alipwe. Na kumkatiza mapumziko kunaruhusiwa tu ikiwa kazi haiwezi kuachwa bila mtu, au hakuna mwingine wa kuifanya.

Baada ya zamu, kifungu cha 24 kinadai saa 12 mfululizo za kupumzika, na saa 24 kila wiki. Hizo 12 zinaweza kushuka hadi nane, mathalani kwa anayeishi hapohapo kazini, ila kwa makubaliano ya maandishi. Mdomo mtupu hautoshi.

Ukishika barabara ya Ifakara unafika Ruembe, wilayani Kilosa, kwenye mashamba ya miwa. Miwa huchomwa moto kwanza, kisha wakataji huingia na mapanga wakiwa wamejaa masizi, wakiinama kukata shina na kuinuka kufyeka kilele. Anayelipwa kwa kiasi alichokata huona kila dakika ya kivulini inampunguzia ujira, hivyo huendelea jua likiwa utosini.

Tabia hiyo ina mizizi mirefu Kilosa. Enzi za mkoloni, manamba, yaani vibarua wa mkataba, wa mashamba ya mkonge walifanya kazi kwa kipande: siku 30 za kazi, zikamilishwe ndani ya siku 42. Kilichohesabiwa ni kazi iliyomalizika, si uchovu wa aliyeimaliza.

Sheria ya sasa imemhamishia mwajiri mzigo wa kuhakikisha mtu anapumzika. Haimwachii kibarua aombe kupumzika; inamwamuru mwajiri atoe mapumziko. Ndiyo maana msimamizi anayesema "wenyewe hawataki kukaa" hajajitetea. Mama anayenyonyesha naye ana haki ya hadi saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi.

Anayenyimwa anaweza kuanzia kwa chama cha wafanyakazi: TPAWU mashambani, CHODAWU hotelini. Ikishindikana, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi hupokea malalamiko ya aina hii ndani ya siku 60. Daftari la saa za kuingia na kutoka, likiandikwa kila siku kwa tarehe, litamsaidia sana mbele ya msuluhishi.