Kabla ya kukaza nati, soma namba ya springi

Baiskeli za mitumba zenye springi nyuma zinafaa sana Bagara, Babati. Barabara za vumbi zinazoteremka kutoka upande wa Mlima Kwaraa zina mawe na makorongo ya kutosha kumvunja mtu kiuno. Tabu huanza siku springi inapokatika, au shokapu inapogonga mwisho kila shimo. Mwenye baiskeli anafungiwa springi yoyote inayoingia, nati inakazwa mpaka inagoma, kisha anaambiwa kazi imekwisha.

Haijakwisha. Nati haiongezi ugumu wa springi hata kidogo. Inaibana tu kabla mtu hajakaa, baiskeli ikasimama juu zaidi. Ugumu unatokana na unene wa waya, upana wa duara na idadi ya mizunguko, na unene ndio unaotawala: waya ukizidi kwa asilimia 10, mengine yakibaki vilevile, ugumu unapanda kwa karibu asilimia 46. Jicho haliwezi kuiona tofauti hiyo. Ndiyo maana nasisitiza namba.

Mara nyingi namba iko ubavuni mwa springi. Ukikuta 450 x 2.8, ujue pauni 450 ndizo zinazoibana inchi moja, na mwisho wa kubanwa kwake ni inchi 2.8. Springi isiyofikia safari ya shokapu, yaani urefu ambao shokapu inaweza kuingia, mizunguko yake itagongana, na hapo chuma hukatika.

Tupige hesabu ya mtu wa kilo 70. Karibu asilimia 60 ya uzito wake huenda nyuma, yaani kilo 42. Kama tairi linapanda milimita 150 huku shokapu ikiingia 50, springi inabeba mara tatu: kilo 126. Akikaa, shokapu inatakiwa iingie kama asilimia 30 ya safari yake, milimita 15. Gawanya, unapata kilo 8.4 kwa milimita. Zidisha kwa 56 ili kugeuza vipimo, unapata pauni 470 kwa inchi. Huyo anunue 450 au 475.

Sasa mpe dumu la maji la lita 20. Keria ikiwa imeshikwa na bomba la kiti, springi inaongezewa kilo 60 na namba inaruka hadi karibu 700. Keria ikishikwa na mkono wa nyuma, ule unaobeba tairi, mzigo unashuka moja kwa moja kwenye tairi na springi karibu haiuhisi. Fundi aulize hilo kabla hajataja bei.

Pia msikimbilie kusema springi imekufa. Kama baiskeli inadundadunda baada ya kila tuta na shokapu imelowa mafuta, kilichoharibika ni shokapu yenyewe. Springi mpya haitasaidia.

Ukiagiza Arusha, kilomita kama 170 kutoka Babati, taja ugumu, safari, urefu na upana wa ndani, kwa sababu kurudisha spea kwa basi ni nauli nyingine. Ikifika, kaza nati mzunguko mmoja tu, springi isichezecheze. Kaa kwenye baiskeli na mzigo wako wa kila siku, mwenzako apime shokapu kutoka skrubu ya juu hadi ya chini, kisha ushuke apime tena. Kwa shokapu ya safari ya milimita 50, tofauti ya vipimo hivyo ikizidi milimita 15 hata baada ya kuongeza mzunguko wa pili, tafuta springi yenye namba kubwa zaidi.