Mafundi wa Meru na Embu, Sareni Kuosha Mikono na Petroli! Hii Ndio Njia Fiti

Wasee wa gereji, hii ni yenu. Na kama wewe si fundi lakini una buda, bro ama chali wako anayeshinda chini ya ndai pale Makutano mjini Meru, Maua, Nkubu, Runyenjes ama Embu town, mtumie hii stori kabla saa kumi na mbili ifike.

Saa kumi na mbili jioni ndio saa ya makosa. Kazi imeisha, mikono ni nyeusi tititi, na kando hapo kuna jerikeni imekatwa katikati ikiwa na petroli ama mafuta taa. Msee anachovya, anasugua, uchafu unatoka mara moja, anamalizia na sabuni ya unga ya kufulia. Dakika mbili, amemaliza, anaenda keja. Inakaa ujanja. Buda, hiyo si ujanja.

Iko hivi. Ngozi yako ina mafuta yake ya asili, kidogo tu, na ndiyo hushikilia maji yabaki ndani na kuzuia uchafu usiingie. Petroli haijui tofauti ya grisi ya beringi na mafuta ya ngozi. Inabeba yote. Halafu ile sabuni ya unga, ambayo ilitengenezewa nguo na wala si mwili, inakuja kumaliza kilichobaki. Ukifanya hivyo kila jioni, mikono inakauka inapasuka kama shamba la Mbeere mvua ikikataa. Kwa watu wa Timau na wale wa juu juu karibu na mlima, baridi ya Julai inaongezea chumvi kwa kidonda.

Na shida si luku tu. Nyufa zikishatokea, kila kitu kinapata mlango: oili, asidi ya betri, viini. Mikono inaanza kuwasha, inakuwa nyekundu, inatoa magamba, inauma ukishika hata sabuni. Huo ni ugonjwa wa ngozi ambao madaktari wanaujua vizuri sana, na ukikomaa unaweza kumtoa fundi kwa kazi kabisa. Fikiria msee amejua injini miaka 20, halafu anashindwa kushika spana.

Tena ndani ya petroli kuna benzini, kemikali iliyothibitishwa kuleta kansa ya damu. Nyingi huingia kwa pua, lakini kwa ngozi pia inapenya, na ukiinama juu ya jerikeni ya petroli kila siku unaipokea kwa njia zote mbili. Na hapo hata hatujamtaja yule jamaa wa sigara ambaye hakosi kusimama karibu.

Sasa, njia yenyewe. Mafuta huondolewa na mafuta. Grisi na maji hazisikizani, ndio maana ukilowesha mikono kwanza unasugua hadi unachoka. Chukua mafuta ya kupikia, yale tu ya kukaanga mayai, kijiko kimoja ama viwili, umwage kwa mikono mikavu. Rudia hapo: mikavu. Sugua polepole kama dakika mbili, uingie kwa mikunjo ya vidole na kando ya kucha. Utaona weusi unaanza kuogelea. Ongeza kijiko cha sukari usugue tena. Sukari inakwaruza bila kuchana, na ikikutana na maji inayeyuka inaenda zake. Kama sukari ni ya chai pekee na mathe amekataa, tumia unga laini wa mbao kutoka kwa seremala jirani, ila uhakikishe hauna vibanzi. Watu wa Embu kwenye kahawa, yale mashapo yanayobaki kwa sufuria pia yanafanya kazi safi. Mchanga wa mto wachia watu wa mjengo. Unasafisha, ndio, lakini unaacha mikwaruzo midogo midogo ambayo oili ya kesho itaipata wazi.

Kabla ya maji, panguza yote na tishu, gazeti ama kitambaa ambacho hukirudishi kwa mfuko (nitarudi kwa hiyo ya mfuko). Hapo uchafu mwingi umeshatoka. Sasa ndio unaingia na sabuni ya maji ya kuosha vyombo na maji vuguvugu, na mswaki wa zamani kwa kucha. Suuza, kausha vizuri, hata katikati ya vidole, halafu upake mafuta ya kujipaka mazito. Arimis ni fiti kabisa. Ndio, ile ya chuchu za ng'ombe. Usicheke, wamama wa maziwa wa Meru na Embu wanajua siri ya mikono laini kuliko sisi wote.

Ile sabuni ya mafundi inayouzwa kwa maduka ya vipuri, yenye chembechembe ndani, ni sawa pia. Chembe hizo huwa ni kama jiwe la kusugulia miguu lililosagwa ama maganda ya njugu ngumu. Shida ni kuwa zingine zina dawa ya kuyeyusha grisi iliyo kwa ukoo wa mafuta taa, kwa hivyo suuza vizuri na usiiache ikaukie mkononi.

Na kama kuna weusi kidogo umebaki kwa mistari ya viganja, wachana nao. Ngozi hujibadilisha yenyewe kwa karibu mwezi mmoja. Hakuna manzi wa maana atakukataa juu ya mstari mweusi, lakini ukijichuna na stilwulu utaenda deti ukiwa na bandeji.

Kuna vitu vya kufanya asubuhi ambavyo vinapunguza kazi ya jioni. Kwaruza kipande cha sabuni ya mche na kucha zako, sabuni ijae chini ya kucha. Grisi itakosa nafasi, na jioni ukiosha inatoka na povu. Halafu paka Arimis ama mafuta yoyote mazito kwa mgongo wa mkono na kuzunguka kucha, kidogo tu. Usipake viganja, spana itateleza ujigonge vifundo. Na usidhani hayo mafuta ni ngao: yanafanya uchafu utoke rahisi, lakini hayazuii petroli.

Ngao ni glavu, na hapa watu wanauziwa vitu vibaya. Zile nyeupe za mpira wa kawaida zikikutana na oili ama petroli zinalainika na kutoboka. Za kitambaa ndio mbaya zaidi, zinanyonya oili na kuishikilia kwa ngozi siku nzima. Tafuta za nitraili, mara nyingi ni za bluu ama nyeusi, na hazinyonyi mafuta. Ikitoboka, toa, vaa ingine. Lakini usivae glavu karibu na kitu kinachozunguka: feni ya injini, belti, drili, grainda. Ikinaswa inavuta kidole pamoja nayo. Pete nayo itoe, hata ya ndoa. Betri ya volti 12 haiwezi kukurusha, lakini spana ikigusa pole moja na pete ikamalizia duara, hiyo pete inakuwa nyekundu kama jiko ikiwa bado iko kwa kidole.

Sasa tuje kwa ile ambayo haitapendwa. Veve. Baite, tunajua gereji bila jaba ni kama chai bila majani. Meru ni miraa, Embu ni muguka, na mwaka wa 2024 kaunti za Pwani zilipopiga marufuku muguka si tuliona vile watu wa Embu walikimbia kortini. Hatuko hapa kukuambia usitafune. Tunaongelea vidole. Unachambua kijiti cha miraa na mkono uliotoka kufungua sampu, ama unaokota majani ya muguka moja moja na vidole vya kushika betri, unaweka kwa mdomo, unaongeza njugu, na hivyo hivyo mchana mzima. Kinachokwangua ngozi sasa kimepata njia ya tumbo. Kwa betri kuna risasi, yale madini mazito, na risasi haiondoki mwilini haraka: inakaa kwa mifupa, inaharibu damu, figo na neva, na kwa watoto wadogo inaharibu akili. Waulize watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliokaa karibu na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mwaka wa 2020 korti iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kwa hivyo osha kabla ya kutafuna, si baada. Na ukifika keja, toa ovaroli kabla ya kubeba mtoi, na ifuliwe peke yake, isichanganywe na nguo zake.

Oili chafu nayo ina stori yake. Huku kwetu tunaipaka kwa vigingi vya ua mchwa wasile, na kuna wazee bado wanaamini inatibu vidonda. Hapana. Oili ikishachemka ndani ya injini kwa kilomita elfu kadhaa inakusanya kemikali za moshi ambazo oili mpya haina nyingi. Ilipopakwa panya wa maabara, ilileta uvimbe wa kansa kwa ngozi. Na kwa binadamu tunajua kutoka zamani. Huko Lancashire, Uingereza, kwa viwanda vya pamba, wanaume waliendesha mashine zilizorushia suruali zao mafuta ya madini kila siku. Mwaka wa 1922 madaktari wa Manchester waliandika kuhusu kansa iliyokuwa ikiwapata hao wafanyakazi. Iliwapata wapi? Kwa korodani, pahali suruali iliyolowa ilikuwa inasugua.

Sasa angalia kile kitambaa cha oili umeweka kwa mfuko wa suruali. Ndio hicho nilisema nitarudi kwacho. Kitundike kwa msumari.

Ya mwisho ni ya dharura, na kila anayeshika pikapu za miraa na matatu za dizeli aijue. Injini za siku hizi za komoni reli hupeleka dizeli kwa noziel na presha ya zaidi ya bar 1,000. Tairi ya gari ndogo ina kama bar 2. Kukiwa na tundu dogo kwa paipu, usipitishe kidole kutafuta mahali inavuja. Tumia kipande cha katoni. Ule mchirizi unaingia ndani ya nyama kama sindano, na bunduki ya grisi pia inaweza kufanya hivyo. Noma yake ni kuwa inaonekana bure kabisa: kashimo kadogo, damu hakuna, maumivu kidogo. Msee anapangusa anaendelea na kazi. Usiku kidole kimefura, dizeli imetembea ndani hadi kiganjani, nyama inaoza. Wengi wamekatwa vidole kwa kungoja kesho. Usikamue, usipake kitu, usiende kwa duka la dawa kununua tembe. Panda nduthi saa hiyo hiyo hadi hospitali kubwa yenye daktari wa upasuaji, kama Level 5 ya Meru ama ya Embu, na umwambie wazi kwamba ni dizeli ama grisi iliyoingia kwa presha. Ukisema tu umedungwa, utapewa plasta urudishwe nyumbani.

Kuhusu nani analipia haya yote: Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema mwajiri ndiye hutoa vifaa vya kujikinga, glavu zikiwemo pale zinahitajika, na mahali pa kunawa. Kwa hivyo kama umeandikwa, sabuni si zawadi ya bosi, unaweza kuidai. Kama ni jua kali na mko watano kwa shedi moja, changeni doo mnunue dumu moja la sabuni ya vyombo, lita moja ya mafuta ya kupikia na boksi la glavu za nitraili. Ile jerikeni ya petroli irudi kuosha vyuma.